Kombe la Bi Mejumaa

Nyumba ya Bi Mejumaa pale mtaani Kuze haikuwa na haja ya kuelekezwa. Mgeni akiuliza, aliambiwa afuate pua yake. Ikifika alasiri, harufu ya asumini ilitoka mlangoni ikakishika kichochoro kizima, ikapita duka la vitambaa la Mhindi, ikaingia hata chuoni kwa maalimu, walikokuwa watoto wakisoma kwa sauti. Wenye harusi, mwenye kwenda kumtazama mzazi aliyejifungua, mwenye ugomvi na mumewe akitaka umalizike kabla ya kulala, wote walimtuma mtu kwa Bi Mejumaa. Alitunga vikuba vya kuvaa kifuani na makoja ya shingoni bila kuitazama mikono yake. Macho yalikuwa njiani, yanaangalia nani kapita na nani.

Na ulimi alikuwa nao. Ukimwambia kuwa jambo alilolisema jana silo, alikuangalia kwa huruma, kama anayemwona mtu aliyevaa nguo ndani nje.

"Neno langu si leso," alikuwa akisema. "Likishatoka dukani halirudishwi."

Hata jirani yake Mwanamkasi, aliyeuficha mguu wake uliofura mpaka akashindwa kutoka mlangoni, Bi Mejumaa alimsimamia kitandani mbele ya wageni akamwambia, "Mficha maradhi kilio humfichua. Ungesema mwezi jana, leo ungekuwa unacheza lelemama." Mwanamkasi alipona, lakini maneno yale hakuyasahau.

Mtu mmoja tu alikuwa akimnyamazisha Bi Mejumaa, naye alikuwa na miaka tisa. Huyo ni Khairiya, mjukuu wake. Mamake Khairiya alikuwa ameolewa Maskati, akamwacha mtoto kwa nyanyake mpaka mambo yake yatulie, na mambo ya Maskati yalichukua muda kutulia. Bi Mejumaa hakulalamika. Alipenda kuamka na kumkuta mtu wa kumsemesha.

Asumini ina tabia yake. Huchumwa ingali imefumba, hutungwa ingali imefumba, na magharibi ikiingia hufunguka yenyewe uzini. Lakini kila kikapu huwa na chache zilizovia: ua limejaa, jeupe, zuri, ila midomo yake imegandana, halifunguki leo wala kesho. Hizo Bi Mejumaa alizitoa kando akampa Khairiya azichezee. Mtoto alikaa naye sakafuni kutwa nzima, akizipulizia moja moja ili zifunguke, akichoka upesi, akilaza kichwa pajani kwa nyanyake.

"Mbona huendi kucheza na wenzako?"

"Wanakimbia mno."

Watu walisema kadekezwa. Bi Mejumaa naye alisema mtoto wa kike mtulivu ni baraka.

Aliyeona ni maalimu. Pale chuoni mtoto hufundishwa kusoma aya kwa pumzi moja mpaka mahali pa kituo. Kukata pasipokatwa ni kosa, na maalimu yule hakulisamehe. Khairiya alikuwa akikata kila mara. Alisoma vizuri, herufi zake safi, kisha katikati ya aya sauti hukatika kama uzi. Akakemewa, akawekwa nyuma, akarudishwa sura fupi fupi na watoto wadogo. Siku moja maalimu alimsogelea ili amkemee karibu, akaiona midomo yake imegeuka rangi ya zambarau, na shingoni mshipa unapiga kama kuku aliyeshikwa. Hakumkemea. Alifunga chuo mapema akaja mpaka kwa Bi Mejumaa.

"Kijana hiyu si mvivu," alisema, amesimama nje kwa heshima. "Pumzi haimtoshi. Mpeleke akatazamwe."

Bi Mejumaa alikuwa na jawabu mdomoni. Lakini alimtazama Khairiya aliyekuwa amelala juu ya mkeka mchana, mdomo wazi, na jawabu lile akalimeza.

Hospitalini alimpata Daktari Musyoka, tabibu wa watoto, mtu wa Ukambani mwenye sauti ya chini na mikono iliyooshwa mpaka imechakaa. Alimpima Khairiya kwa muda mrefu. Kisha muuguzi, msichana wa Kigiriama aliyeitwa Mbodze, ambaye kila asubuhi alivuka Feri akitoka kwao Likoni, alimtia Bi Mejumaa masikioni vile vipimo vya kusikilizia moyo ili asikie mwenyewe. Bi Mejumaa alitarajia mdundo. Badala yake alisikia upepo. Fuuu, fuuu, kama kaskazi ikipita tundu la ufunguo.

"Damu hutoka moyoni kwenda mapafuni," daktari alimweleza. "Hapo njiani pana mlango wenye mbawa tatu. Kwa mjukuu wako mbawa zimeshikana tangu tumboni mwa mamake, umebaki upenyo mdogo tu. Moyo unasukuma mlango usiofunguka, nyanya. Sasa unachoka."

Bi Mejumaa alikitoa kikuba kilichokuwa kifuani pake, akakichambua, akamwekea daktari ua moja kiganjani.

"Liangalie hilo. Limevia. Ndivyo ulivyo moyo wake?"

Daktari Musyoka alilishika, akajaribu kulifungua kwa ukucha, likakataa.

"Ndivyo ulivyo," alisema.

"Na mimi hilo nikilifungua kwa nguvu huchanika. Kwa hiyo mtampasua kijana kifua?"

"Hapasuliwi. Tunaufungua mlango kwa puto."

"Puto nini?"

"Pulizo, nyanya," Mbodze alisema.

Bi Mejumaa aliwatazama wote wawili kwa zamu. "Pulizo la Idi? Yale yanayouzwa uwanjani Makadara?"

"Hilo ni dogo, refu kama kidole, na halina rangi," daktari alisema. Hakucheka, na kwa hilo Bi Mejumaa alimpenda. "Mtoto analazwa kwa dawa. Tunapitisha mrija mwembamba kwenye mshipa wa hapa kinenani, unapanda polepole mpaka moyoni. Pulizo limekunjwa kwenye ncha ya mrija. Tukifika mlangoni tunalijaza, linazisukuma zile mbawa ziachane. Kisha tunaliacha linywee, tunalitoa."

"Mnalitoa."

"Tunalitoa."

"Halibaki humo?"

"Halibaki, nyanya."

Watu wa kazi hiyo walikuwa wanakuja kutoka ng'ambo na vyombo vyao, wakae wiki moja tu hospitalini hapo, halafu waende zao. Kama wangerudi mwaka wa pili, hakuna aliyejua. Na moyo wa Khairiya, daktari alisema, haukuwa wa kungojeshwa mwaka.

Wageni walifika, watoto wakaanza kuingia na kutoka. Khairiya kwa bahati mbaya alishikwa na kikohozi, akaahirishwa kesho, na kesho kutwa, mpaka ikawa ni siku yao ya mwisho. Lakini kikohozi kiliondoka, naye akawekwa wa kwanza asubuhi.

Mbodze alimpa Bi Mejumaa maagizo jana yake, wamesimama mlangoni pa wodi. "Akishalala leo usiku, basi. Asile, asinywe, hata maji. Kwa sababu, nyanya, mtoto akilazwa kwa dawa na tumboni…"

Bi Mejumaa aliinua mkono. "Mwanangu, mimi nimefunga Ramadhani kabla mamako hajaolewa. Asile, asinywe. Nimesikia. Kufunga sifundishwi."

Mbodze alitabasamu akaenda zake, na ile sababu akaenda nayo.

Alfajiri ya siku hiyo Bi Mejumaa alikuwa macho kabla ya adhana. Hakuwasha jiko. Alificha mahamri ya jana asije mtoto akayaona. Hata mtungi wa maji aliufunika kwa sinia. Mambo yote aliyafanya kama alivyoambiwa. Kisha akaitoa chupa.

Katika nyumba ile hakuna aliyewahi kutoka kwenda kwenye jambo zito bila kunywa kombe. Mamake alikunywa alipokwenda Hija. Yeye mwenyewe alikunywa kabla ya kila uchungu wa uzazi. Maalimu alikuwa ameziandika aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, akaziosha kwa marashi na maji, akalitia kombe katika chupa: la siku tatu, moja kila asubuhi. Bi Mejumaa alimimina nusu yake katika bakuli la uji, akalijaza, kwa kuwa alitaka kombe limfike mpaka huko mlangoni, na kwa kuwa Khairiya hapendi ladha ya zafarani akamtilia asali.

"Nyanya, si umesema nisinywe?"

"Hiki si kinywaji. Haya ni maneno ya Mungu. Kunywa, mwanangu."

Khairiya alikunywa bakuli lote, akalamba mdomo, na chupa yenye kombe lililobaki ikatiwa kapuni.

Walipofika hospitalini kwa teksi, Mbodze alimvisha Khairiya kanzu ya kijani iliyofungwa mgongoni. "Amekula chochote, nyanya?"

"Hajala."

"Amekunywa?"

"Hata tone," alisema Bi Mejumaa, kifua mbele, na alikuwa anasema kweli yake.

Wakakaa kwenye benchi la ukumbini. Pale alikuwepo mwanamke mwingine, Mutanu, karani wa bandarini, na bintiye Purity, mtoto wa miaka saba, ambaye maradhi yake yalikuwa kama ya Khairiya. Watoto hawakuchukua muda kujuana. Walilinganisha kanzu zao, wakazozana ya nani imefungwa vizuri.

"Wangu amelilia maji tangu alfajiri," Mutanu alisema. "Amenitukana. Nikamwambia nitukane, mama, lakini maji hupati."

"Mtoto akililia maji roho huuma."

"Inauma, nyanya, lakini nilimuuliza yule sista kwa nini, akaniambia. Ukilala kwa dawa koo nalo linalala. Kilichomo tumboni kikipanda kinakwenda mapafuni, na mtu mwenyewe hana habari. Anaweza kufa palepale, moyo wake hata haujaguswa." Mutanu akamvuta Purity karibu. "Nikaona afadhali matusi."

Bi Mejumaa aliitikia kwa kichwa, kisha kichwa kikasimama. Alitazama mdomo wa Khairiya. Pembeni, mstari mwembamba wa njano ulikuwa umekauka.

Kombe si kinywaji, alijiambia. Ni maneno ya Mungu, na Mungu hamzamishi mtoto kwa maneno yake. Alilirudia hilo, likakaa vizuri. Lakini Bi Mejumaa alikuwa ameishi miaka mingi na watu wenye kuuliza masuala ya saumu, na suala lilimjia mwenyewe bila kuitwa. Ingekuwa Ramadhani, na mtu akanywa kombe mchana, saumu yake ipo?

Haipo. Hata mtoto wa chuoni anajua. Imevunjika kama ya aliyekunywa soda.

Basi ni kinywaji.

Alitazama mlango wa chumba cha pulizo. Akisema, watamtoa Khairiya, na wageni wanaondoka leo. Aliona kwa macho yake masanduku yao yamepangwa ukumbini tayari kufungwa. Asiposema, huenda kusiwe na kitu. Maji kidogo. Asali kidogo. Asubuhi nzima hii mtoto hajatapika, kwa nini atapike sasa? Na nani atajua? Bakuli amelisuuza mwenyewe.

Mlango ulifunguka. Mbodze alitoka na kitanda cha magurudumu, nyuma yake Daktari Musyoka na mgeni mmoja mrefu aliyevaa kofia ya kitambaa. Wakamlaza Khairiya juu yake. Mtoto aligeuza uso kumtafuta nyanyake.

"Mficha maradhi," ulisema moyo wa Bi Mejumaa, kwa sauti ya Mwanamkasi kabisa.

"Mbodze mwanangu, ngoja." Alikuwa amesimama, na mkono wake umeshika chuma cha kitanda. "Kijana amekunywa."

Magurudumu yakatulia.

"Amekunywa nini, nyanya?"

"Kombe."

Mgeni alimuuliza daktari jambo kwa lugha yao. Daktari alimwashiria angoje. Mbodze alikuwa amekulia Likoni, majirani zake Waislamu kulia na kushoto, hakuhitaji kuelezwa kombe.

"Kiasi gani? Kikombe cha kahawa?"

"Bakuli."

"Bakuli la nini?"

"La uji. Nililijaza. Nilitaka limfike."

Mutanu alijifunika mdomo kwa kitambaa. Hata leo hakuna ajuaye kama alikuwa akilia au akicheka.

"Nyanya," Daktari Musyoka alisema polepole, "nimeambiwa hakunywa hata tone."

"Na mimi ndiye niliyesema." Bi Mejumaa alimtazama usoni. "Neno hilo nalirudisha."

Daktari aliutazama ule mstari wa njano mdomoni pa mtoto. "Lilikuwa na nini ndani? Maziwa?"

"Maji, marashi, zafarani. Na asali, kwa kuwa hapendi."

"Maziwa hamna?"

"Hamna. Wala hakula kitu. Mahamri niliyaficha."

Daktari alizungumza na mgeni. Mgeni akaitazama saa yake, akayatazama masanduku, akasema maneno machache. Kisha Daktari Musyoka akamgeukia. "Maji yasiyo na maziwa hayakai tumboni sana. Saa chache tu yameondoka. Purity ataingia sasa, kisha wale wengine, mjukuu wako tunamweka wa mwisho. Lakini wageni wanaondoka leo, nyanya. Kazi za wengine zikienda vibaya na jua likatuishia, sina la kukuahidi."

"Sikudai ahadi."

"Umelirudisha kwa wakati wake," alisema, kisha akaondoka.

Khairiya akashushwa kitandani, Purity akapandishwa. Mutanu alisita. "Nyanya, nafasi yake…"

"Nenda, mwanangu. Atakayetangulia mlangoni si mwizi wa mlango. Nenda naye."

Wakabaki wawili kwenye benchi. Khairiya hakuelewa kwa nini yeye karudishwa, na tumbo lilikuwa limeanza kumuuma kwa njaa.

"Si nilikuuliza?" alisema. "Nilikuuliza, ukasema si kinywaji."

"Uliniuliza."

"Sasa mimi nitakuwa wa mwisho."

"Utakuwa wa mwisho, na mimi sili mpaka ule wewe."

Khairiya alilifikiri hilo. "Hata mahamri?"

"Hata mahamri. Hata mate nayatema."

Mtoto akacheka, akakohoa kidogo, akalaza kichwa pale pajani anapopajua.

Purity alitoka amelala, mashavu yake yamepata rangi, na Mutanu akimfuata nyuma anatembea kama mtu aliyetua mzigo wa kuni. Alirudi baadaye kukaa na Bi Mejumaa, akaleta chapati ndani ya karatasi, Bi Mejumaa akaikataa kwa mkono. Mtoto wa pili akaingia akatoka. Wa tatu akaingia, naye hakutoka. Jua likahama kutoka dirisha moja hadi jingine. Watu wa ng'ambo wawili walikuja wakaanza kufunga masanduku kwa kamba, na kila kamba iliyokazwa Bi Mejumaa aliisikia shingoni mwake. Mbodze alipita mbio mara mbili bila kuwatazama. Mtu akikupita hospitalini bila kukutazama, unajua ana jambo.

Bi Mejumaa alianza kuyapanga maneno atakayoyasema Kuze. Hakuyapata. Atasema nini kwa maalimu? Kwa mama wa mtoto, simu ikilia kutoka Maskati? Miaka yote ile hakuwahi kukosa la kusema, na siku aliyolihitaji limemkimbia.

Alitandaza leso yake pembeni akaswali alasiri. Alisujudu muda mrefu, na humo hakusema maneno mengi. Alisema tu kwamba kombe lilikuwa lake, mtoto hana kosa. Alipotoa salamu kulia, kisha kushoto, akaiona miguu ya Mbodze katika viatu vyeupe.

"Nyanya," Mbodze alisema. "Wa tatu katoka salama. Zamu yenu."

Safari hii Khairiya hakugeuza uso. Alikuwa na njaa hata nguvu za kuogopa hana. Mlango ukafungwa.

Kungoja kule Bi Mejumaa hakukusimulia sana, yeye aliyesimulia kila kitu. Alisema tu kwamba Mutanu alimshika mkono, na kwamba huyo Mutanu alikuwa akiomba kwa Kikamba, na yeye kwa Kiarabu na Kiswahili, wala hakuna aliyeona ajabu.

Daktari Musyoka alitoka na kofia yake mkononi, nywele zimelowa. Bi Mejumaa alisimama.

"Limetolewa?" Hilo ndilo la kwanza alilouliza.

"Nini?"

"Pulizo."

"Limetolewa, nyanya."

"Lote?"

"Lote." Sasa alicheka, na uchovu wa siku nzima ukamtoka usoni. "Njoo nikuonyeshe kwa mikono. Tulipolijaza, lilivimba huku na lilivimba huku, katikati likabanwa na ule mlango, kama kibuyu kilichofungwa kamba kiunoni. Tukaongeza kidogo. Kamba ikaachia." Aliifungua mikono. "Yule mgeni aliyekuwa akiyatazama masanduku asubuhi ndiye aliyelijaza. Amefurahi kuliko mimi."

"Halikuchanika? Ua?"

"Limefunguka. Labda utasikia upepo kidogo bado, huo hauna neno. Mlango umefunguliwa."

Bi Mejumaa alikaa. Akasema alhamdulillahi. Mutanu aliitikia amina kwa niaba ya wote.

Wodini, magharibi ilikuwa inaingia. Khairiya alikuwa chali, mguu mmoja umenyooshwa na kukatazwa kukunjwa, kinenani kibandiko kidogo tu, kama cha mtu aliyejikata na kisu cha jikoni. Mbodze alimtia tena Bi Mejumaa vipimo masikioni. Alisikia mdundo, halafu nyuma yake mvumo hafifu, wa mbali, kama mtu anayepiga pasi nyumba ya pili. Ile kaskazi ilikuwa imeondoka. Aliitazama midomo ya mtoto. Nyumbani Kuze, alifikiri, asumini ya leo haikuchumwa. Saa hizi inafunguka yenyewe mtini, bure, na watu wanauliza Bi Mejumaa yuko wapi.

"Nyanya," Khairiya alisema, macho nusu. "Umekula?"

"Sijala."

"Nina kiu."

Bi Mejumaa alimgeukia Mbodze upesi. "Anaruhusiwa?"

"Sasa anaruhusiwa. Maji kidogo kidogo." Mbodze alikuwa anakunja mashuka, naye akaongeza bila kumtazama, "Lile lilikuwa la siku tatu, au siyo?"

Bi Mejumaa alilisogeza kapu lake nyuma ya miguu.

"Basi limebaki. Limo humo kapuni, nasikia harufu ya marashi tangu asubuhi. Kama anaanza na maji, aanze na hayo."

"Una hakika, mwanangu?"

"Nina hakika."

"Kamuulize daktari."

"Nyanya, mimi ndiye muuguzi."

"Najua ndiwe muuguzi. Kamuulize."

Mbodze alikwenda. Alirudi na Daktari Musyoka mwenyewe, amekwisha kuvaa koti la kuendea kwao. Alisimama mlangoni, akasema, "Anywe," akaaga.

Bi Mejumaa alilimimina kombe kifunikoni, kifuniko cha chupa, si bakuli. Akamwinua mtoto kichwa kwa kiganja, mguu ubaki palepale. Khairiya alikunywa akakunja uso.

"Hukutia asali."

"Asali ilikwisha asubuhi," nyanyake akasema.

Mutanu, aliyekuwa kitanda cha pili na Purity wake, alicheka mpaka Mbodze akamnyamazisha. Kisha akaifungua ile chapati aliyoiweka tangu mchana, akaikata, na Bi Mejumaa akala.

Habari ilifika Kuze kabla yao. Mwanamkasi alikuwa wa kwanza kuja, akatembea kwa mguu wake uliopona, akaketi, akanyoosha kanga yake, akaanza kwa utaratibu.

"Nasikia leso zinarudishwa dukani siku hizi."

"Zinarudishwa," Bi Mejumaa alisema. "Ikiwa ina tundu, mtu huirudisha. Ungetaka nimvike kijana?"

Mwanamkasi hakuwa ameitarajia hiyo. Alinunua kikuba, kisha akanunua cha pili.

Watoto wa mtaa walimpokea Khairiya kwa jambo jingine. Walipanga foleni kumwekea sikio kifuani wasikie pulizo. Alipowaambia lilitolewa, hawakumsadiki. Walisema litakuwa limejificha, litapasuka akicheka. Basi wakawa wanamchekesha makusudi. Alicheka. Alikimbia. Mara ya kwanza alipopita mbio kichochoroni Bi Mejumaa aliinuka na sindano mkononi amzuie, akakumbuka, akakaa.

Maalimu alimrudisha mbele ya chuo, akampa tena zile sura ndefu.

Ikawa alasiri moja Bi Mejumaa yuko sakafuni na kikapu chake, na sauti za watoto zinakuja kutoka ng'ambo ya njia. Zikanyamaza zote, ikabaki moja. Aliijua. Khairiya alikuwa ameingia katika aya iliyomshinda zamani, ile ndefu, na bila kukusudia Bi Mejumaa alizuia pumzi yake. Alikuwa akifanya hivyo tangu mwanzo, mtoto akisoma, kama kwamba ya kwake ingeweza kuongezwa. Sauti ikaja, ikapanda, ikafika pale ilipokuwa ikikatika. Ikapita. Uzi ulikuwa umesimama mkononi mwa Bi Mejumaa. Kifua kilianza kumbana, masikio yakavuma, akajikaza, akajikaza, na hatimaye akashindwa, akaachia pumzi kwa kishindo, asumini zikaruka mkekani.

Kule chuoni Khairiya alikuwa bado anasoma.